Herufi ya Tatu ya Esheli

"Fundi, hii ndiyo fasheni gani tena?"

Mteja wangu alikuwa ameshika kitenge chake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nguo isiyo yake. Palepale kifuani, mahali nilipotakiwa kuchora mstari wa shingo, nilikuwa nimechora alama tatu kwa chaki. Moja ilifanana na mkasi uliofunguliwa, nyingine na uma, na ya mwisho ilikuwa kama ndoano ndefu iliyochungulia juu ya wenzake.

"Si fasheni, dada," nikamwambia. "Ni mti."

"Mti?"

"Mti wa Kiebrania. Unaitwa eshel."

Akaniangalia, akaiangalia mashine yangu, kisha akaniangalia tena. "Na gauni langu liko tayari?"

Halikuwa tayari. Nilikuwa nimekata mkono mmoja tu. Nina miaka mingi kwenye baraza hili la Majengo, hapa Mpanda, na sijawahi kusahau mkono wa gauni kwa sababu ya neno. Lakini siku ile nilikuwa nimevurugwa na furaha. Nikapangusa chaki, nikamwomba anipe mpaka jioni, na kabla hajatoka nikamsimulia habari yote. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, na ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimerukwa na akili.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jambo lenyewe lilianza Jumamosi iliyotangulia.

Parokiani kwetu walikuwa wametafuta watu wanaokijua Kipimbwe vizuri, wasaidie kuziweka hadithi za Maandiko katika lugha hiyo, zirekodiwe na kusikilizwa kwenye simu. Wazee wengi wa vijijini wanasikia Kiswahili cha sokoni, lakini kile cha masomo kinawapita juu ya kichwa. Mimi nimezaliwa Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, na kusoma mbele za watu siogopi. Nikajitokeza. Mwenzangu alikuwa katekista mstaafu, mzee mwenye sauti nzito na misimamo mizito zaidi. Wote tulimwita Baba. Aliyetufundisha kazi alikuwa dada mmoja mdogo kuliko mimi, mtu wa Dodoma, ambaye alikuwa amesomea Kiebrania. Umri wake haukutuzuia kumwita Mwalimu, na alistahili.

Tulikuwa tumefika kwenye hadithi ya yule mzee wa Maandiko, baba wa imani yetu. Ugomvi wake na majirani kuhusu kisima umekwisha, wamekula kiapo, naye akapanda mti na kuliitia jina la Mungu mahali pale. Kwenye Kiswahili tulichozoea, mti ule ni mkwaju. Baba akaandika mkwaju kwa Kipimbwe, akapiga mstari chini, akafunga daftari.

"Baba, subiri kidogo," nikasema. "Mkwaju kweli?"

"Imeandikwa mkwaju. Wewe unataka uandikwe mwembe?"

"Sitaki mwembe. Ila kwetu ukisema mzee alikwenda mkwajuni akaita jina, watu wataelewa nini?"

Baba akafungua daftari tena. Alijua ninachosema. Kule mbugani, karibu na ziwa, kuna mkwaju ambao watu wa kwetu tangu zamani waliupelekea sadaka, na jina la mzimu wake ndilo mkoa wetu mzima unalobeba. Hakuna Mpimbwe asiyeufahamu.

"Basi watafundishwa," akasema Baba.

"Ni hadithi ya kwenye simu, Baba. Nani atakuwepo kuwafundisha?"

Mwalimu alikuwa anatusikiliza huku anatabasamu. Akainuka, akachukua chaki, akaandika neno ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto. Kwangu mimi, ninayechora kwa chaki kila siku, kuuona mkono ukirudi kinyumenyume vile kulinifurahisha kama mtoto.

"Neno lenyewe ni eshel," akasema. "Na si mkwaju."

Akatueleza kwamba eshel ni mti wa nchi kame. Majani yake ni madogo sana, kama magamba ya samaki, na unaota hata kwenye udongo wenye chumvi ambako miti mingine inakufa. Nikaona mara moja ule udongo wa magadi wa kandokando ya Ziwa Rukwa, unaopasuka miguuni. Watafsiri wa zamani, akasema, hawakuwa na mti huo huku kwetu, wakachukua jina la mti ambao watu wanaujua.

"Esheli," akarudia Baba taratibu. Kwa ulimi wetu neno haliachwi likining'inia, lazima limalizike na irabu. Tangu hapo ukawa esheli.

"Sasa ngojeni niwaambie kitu," Mwalimu akasema. "Kamusi inasema ni mti tu, na sisi tutafsiri mti. Lakini walimu wa zamani wa Kiyahudi walijiuliza: kwa nini mtu mkubwa namna hii aandikwe kwa sababu ya kupanda mti? Wakazitazama herufi zake. Alefu, shini, lamedi. Wakasema alefu ni akhila, kula. Shini ni shtiya, kunywa." Alikuwa anagonga kila herufi kwa kipande cha chaki. "Kwa hiyo wakasema yule mzee hakupanda mti tu. Alifungua mahali pa wageni. Kila aliyepita jangwani alikula hapo na kunywa hapo."

"Na hii ya tatu?" nikauliza. Nilikuwa nimeshasimama bila kujua.

"Ya tatu wanagawanyika. Wengine wanasema lamedi ni lina, kulala. Wengine wanasema ni levaya."

"Levaya ni nini?"

"Kumsindikiza mgeni."

Nilipiga makofi. Sioni aibu kusema hivyo. Nilipiga makofi peke yangu darasani kama mtu aliyeona goli.

"Kusindikiza!" nikasema. "Baba umesikia? Kusindikiza!"

"Na kulala pia nimesikia," akajibu Baba. "Mgeni lazima alale. Utamsindikizaje mtu ambaye hajalala?"

"Mbona wanaokuja mchana tunawasindikiza?"

"Hao ni wapita njia."

"Na jangwani wanapita nani, Baba?"

Tulibishana mpaka Mwalimu akatuomba tukumbuke kwamba hayo ni mafumbo ya walimu wa zamani, hayataingia kwenye hadithi yenyewe. Hatukumsikiliza. Tulitoka pale tukiwa bado tunabishana, Baba anakokota baiskeli yake, mimi nimebeba viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulipoachana aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Kulala!" Nami nikamjibu: "Kusindikiza!" Watu waligeuka.

Lakini nilipofika nyumbani, furaha ile ikaanza kunichoma mahali.

Nilipokuwa binti, nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Mama yangu alikuwa ameshanishonea shuka na kunipakia sanduku. Sikwenda. Nilikuwa na mimba ya kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa Mpanda, ambaye ndiye mume wangu mpaka leo. Alikuja kujitambulisha na mjomba wake. Mama aliwapikia wali na kambare, akawapa togwa, akawanawisha mikono yeye mwenyewe. Hakuna neno baya lililotoka kinywani mwake. Tulipoinuka kuondoka, mimi nikiwa na mfuko wangu, hakuinuka. Alibaki kwenye kigoda chake, akasema, "Mwende salama."

Mtu wa mbali anaweza kuona ni kitu kidogo. Mama yangu ni mtu aliyekuwa anamsindikiza hata muuza chumvi. Mgeni wa kwetu hupelekwa mpaka kwenye mfereji mkubwa unaopeleka maji mashambani, na ndipo mnapoagana. Mimi, mtoto wake wa pekee wa kike, nilipita mfereji ule na watu wa mume wangu tu.

Na ikaendelea hivyohivyo. Kila nilipokwenda kumwona, mpaka watoto wangu wamekuwa wakubwa, tulikula, tukanywa, na saa ya kuondoka alibaki amekaa. Hatukulizungumza hata siku moja. Mimi nilijua maana yake, au nilifikiri najua. Sasa hapa anatokea mwalimu wa Dodoma na kuniandikia ubaoni kwamba ukarimu una sehemu tatu, na mimi kwa mama yangu nimepata mbili.

Wiki mbili baadaye Mwalimu akatuambia ni wakati wa sisi wawili kuipeleka hadithi kijijini, tuwasomee watu tuone wanaelewa nini. Kijiji alichochagua kilikuwa cha kwetu. Baba akafurahi, maana ana ndugu huko. Mimi nilishona nguo za watu tatu kwa siku moja ili nipate nafasi, na siku ya safari nilikuwa stendi kabla ya basi lenyewe.

Tulipita Sitalike, tukaingia hifadhini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbung'o. Mmoja aliingia hata hivyo akamng'ata Baba sikioni. Baba akampiga kwa daftari la tafsiri. "Sasa hadithi ina damu," akasema, na basi zima likacheka. Mimi nilicheka kupita wote.

Tulikaa nje ya kanisa la kigango, kwenye mabenchi. Walikuja wanawake kama ishirini na wazee wachache. Mama alikuja na kigoda chake. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akakaa pembeni.

Baba akasoma. Alikuwa ameng'ang'ania tusome kwanza ile yenye mkwaju, ili ionekane nani ana haki. Alipofika pale kwenye mti, minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja akacheka kwa sauti: "Kumbe na yeye alikuwa anakwenda mkwajuni!"

Mama yangu hakucheka. Alisema neno moja tu. "Mkwaju ule una wenyewe. Msiwachanganye watu."

Baba akanitazama, akanisogezea daftari. "Haya, mwanangu. Waeleze esheli yako."

Nikasimama. Niliwaeleza kwa Kipimbwe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo moto ulivyoniwakia. Niliwachorea herufi chini kwa kijiti. Niliwaambia kuhusu majani kama magamba na udongo wa magadi, wakatikisa vichwa, wanaujua. Niliwaambia herufi ya kwanza ni kula, wakasema eeh. Ya pili kunywa, eeh! Nilipofika ya tatu nikayainua macho, yakakutana na ya mama.

"Ya tatu," nikasema, na sauti ikapungua, "wengine wanasema ni kumsindikiza mgeni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wakaanza kusemeana kwamba mzee huyo alikuwa mtu wa kwetu kabisa. Mama akainuka, akachukua kigoda chake, akaondoka.

Sikuweza kumfuata hapohapo, kazi ilikuwa haijaisha. Nilipofika nyumbani kwake nilikuta wali umeiva na kuku ameungwa kwa karanga. Tulikula. Akanipa togwa. Nikanywa. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Umetoka Mpanda kuja kunifundisha adabu mbele ya wanawake wenzangu?"

"Hapana, mama. Naapa. Neno ndivyo lilivyo."

"Ulinitazama."

"Nilikutazama, ndiyo. Nilishindwa kutokukutazama."

Akakusanya sahani, akaziweka chini tena. "Unafikiri sikusindikizi kwa sababu nina hasira na wewe?"

"Nilifikiri hivyo. Kwa sababu ya chuo."

"Hasira ilikwisha ulipozaa mtoto wa kwanza," akasema. "Nilikuja hospitali nikambeba, hukuniona? Mtu ukimsindikiza, umemuaga. Umesema mwenyewe kwa miguu yako kwamba huyu sasa ni mgeni, anakwenda kwake. Mimi sikutaka kukuaga. Nilikaa hapa nikasema, asiyeagwa hajaondoka."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa na punje za wali. Miaka yote ile nilikuwa nimekusoma kule kukaa kwake kama laana, na yeye alikuwa ananishikilia. Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, na yeye akaniambia niache kelele, majirani watafikiri kuna msiba.

"Basi lenu saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa."

Akaingia ndani. Akatoka amevaa kitenge kipya, na jogoo kwapani amefungwa miguu. "Twende."

Mama yangu alitembea mbele yangu. Njia nzima watu walitoka milangoni kuuliza kuna nini, naye akawajibu, "Namsindikiza mwanangu," kama mtu anayetangaza harusi. Tulifika kwenye mfereji. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai, na mpunga umesimama kijani pande zote. Nikafikiri tutaagana hapo. Akavua ndala, akavuka.

Tulipofika barabarani basi lilikuwa halijafika. Nikasema, "Mama, umekuja mbali, ngoja nikurudishe kidogo." Nikamrudisha mpaka kwenye mfereji. Tulipofika huko, akasema hawezi kuniacha nirudi bila mtu, akanisindikiza tena mpaka barabarani. Tulikuwa tunaongea mambo ambayo hayakuwahi kusemwa: chuo, sanduku, jinsi shuka zile alivyozitumia baadaye kuwafunika wajukuu. Nikamrudisha mara ya pili. Tukiwa katikati ya njia tukasikia honi, na sauti nzito ya Baba kutoka dirishani:

"Nyie! Mtasindikizana mpaka lini? Dereva anaondoka!"

Tukakimbia wote wawili, mama yangu na jogoo wake mbele. Alinikabidhi jogoo, akanipandisha ngazi za basi kwa kunisukuma mgongoni. Nilipokaa, nikamwona amesimama barabarani, mkono kiunoni, anahema na kucheka. Hakuondoka mpaka kona ikatuchukua.

Baba alinitazama. Nikadhani atauliza. Badala yake akafungua daftari lenye doa la damu ya mbung'o, akatoa kalamu, akafuta mkwaju.

"Tuandike mti wa kivuli," akasema. "Mti wa kivuli mtu yeyote anakaa chini yake, hauna mwenyewe. Na mwanzoni, kabla hadithi haijaanza, wewe useme kwa kifupi kwamba kwa Kiebrania unaitwa esheli, na walimu wa zamani waliona nini ndani yake."

"Kulala au kusindikiza?"

"Sema yote mawili." Akafunga daftari. "Lakini kusindikiza useme mwishoni. Ndiko kunakobaki kichwani."

Mwalimu alikubali bila neno, isipokuwa alitaka ijulikane wazi kwamba mti ni mti, na mafumbo ni mafumbo. Tulirekodi Jumamosi iliyofuata kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya parokia, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi ili kelele za bodaboda zisiingie. Jasho lilinitoka. Nilisoma kwa furaha mpaka mwisho, bila kukosea hata mara moja, na Mwalimu akaninyanyulia dole gumba kutoka upande wa pili wa meza.

Siku chache baadaye simu ikaita nikiwa kwenye mashine. Alikuwa mama, anatumia simu ya jirani. Hadithi ilikuwa imeshafika kijijini, imerushwa kutoka simu hadi simu.

"Nimekusikia," akasema.

"Umesikiaje, mama?"

"Sauti nzuri. Kipimbwe chako bado kizuri, mji haujakiharibu. Ila unasoma mbiombio."

"Mbiombio?"

"Mzee wa watu anapanda mti, wewe umeshafika kwenye maombi. Mti haupandwi hivyo. Mwache achimbe shimo kwanza, auingize, afukie, amwagie maji. Ndiyo useme ameita jina la Mungu."

Nikampigia Mwalimu, nikamweleza alichosema mama. Akacheka sana, kisha akaniambia nije Jumamosi na mablanketi, turekodi upya. Baba alikuja pia, ingawa hakuhitajika. Alikaa mlangoni kuwazuia bodaboda, na nilipofika kwenye mti akaninyanyulia kiganja, taratibu, taratibu, mpaka aliporidhika kwamba udongo umeshindiliwa vizuri.